Kikundi chetu cha vitabu Iringa sasa kinamsikiliza Sherlock Holmes badala ya kumsoma. Njooni tubishane

Mwalimu wa Kihesa (mleta mada)

Kamwene wadau.

Niko Iringa, Kihesa. Tuna kikundi cha vitabu, watu kumi na ushee: walimu, muuguzi mstaafu tunayemwita Bibi, mama mmoja fundi cherehani, vijana wa chuo pale Mkwawa, na dereva wa malori ambaye huhudhuria akipita njia. Zamani tulikuwa tunapokezana nakala. Nakala moja, watu kumi. Inapomfikia wa mwisho, wa kwanza kashasahau hata marehemu alikuwa nani. Kijana mmoja akaleta wazo la vitabu vya sauti, na kwa kuwa tulikuwa kwenye riwaya za upelelezi, tukaamua kuanza na Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa London, kwa mpangilio wa kuchapishwa. Tukaanza na A Study in Scarlet ya 1887, ikafuata The Sign of the Four ya 1890, halafu hadithi fupi na nyingine zote. Jumla ni riwaya 4 na hadithi fupi 56, kwa hiyo kazi ipo.

Hatukumchagua kwa ushabiki. Tumemchagua kwa sababu ni wa bure. Kuna mradi unaitwa LibriVox, ulianza 2005. Watu wa kujitolea wanasoma kwa sauti vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha huko Marekani, wanaviweka mtandaoni, nawe unashusha bila kulipa hata senti.

Hoja yangu ni hii. Hakuna riwaya ngumu kusikiliza kama ya upelelezi, na hakuna inayofaa kusikilizwa na kikundi kama hiyo hiyo. Ugumu wake ni kwamba mwandishi kakufichia kitu ndani ya nusu sentensi huko sura ya pili, na ukiwa unasikiliza huwezi kurudisha kurasa upesi upesi kama ukiwa na kitabu mkononi. Inafaa kikundi kwa sababu masikio kumi hayapitwi na kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Mfano. Tuko kwenye kitabu cha pili, mwanzoni kabisa, Dokta Watson, rafiki wa Holmes anayetusimulia kisa, anauguza mguu wake wenye jeraha la risasi ya vitani Afghanistan. Sisi wote tumetulia, chai inazunguka. Bibi akanyoosha mkono: "Simamisha hapo. Huyu mgonjwa alipigwa begani." Tukabisha. Yeye akang'ang'ania, wodini hajawahi kusahau kidonda. Ikabidi turudi kwenye faili la kwanza la kitabu cha kwanza, dakika za mwanzo tu, na kweli: bega. Hapo kikao kikageuka mahakama. Kuna waliosema ni kidokezo, Watson si mtu wa kuaminika. Wengine wakasema mwandishi kajisahau. Baadaye tukagundua wapenzi wa Holmes duniani wamelibishania jeraha hilo miaka nenda miaka rudi, na Bibi kalinasa kwa sikio tupu akiwa anafuma soksi.

Sasa nataka kusikia kutoka kwenu mlio huku nyanda za juu na kwingineko. Mnasikilizaje? Kila mtu nyumbani kwake kisha mnakutana, au mnasikiliza pamoja? Na mfululizo gani mngetushauri tukimaliza huyu, kama tutammaliza?

---

Nyoka wa Kibisa

Siti ya mbele. Nimekuja na karanga.

---

Mzee wa Loleza

Mwalimu, hongera kwa kikundi, ila tusidanganyane. Kusikiliza si kusoma. Sisi enzi za Redio Tanzania tulikuwa tunajazana kwa jirani mwenye redio kusikiliza Pwagu na Pwaguzi, na hakuna aliyerudi nyumbani akasema ametoka kusoma. Badilisheni jina, muwe kikundi cha wasikilizaji. Niko Mbeya, nasoma kwa miwani, na nakala zangu ziko kabatini.

---

Binti Tukuyu

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, mtoto anayesimuliwa hadithi na bibi yake anaijua hadithi kuliko mwenye kitabu kabatini.

Mwalimu, sisi hapa Tukuyu tulijaribu kusikiliza pamoja sebuleni kwa mwenzetu. Tatizo letu wala si Kiingereza. Ni bati. Mvua ya Rungwe haina adabu, inaanza pale pale mpelelezi anapofungua mdomo kumtaja mtu. Tuliongeza sauti hadi mwisho, ikabaki ngurumo juu na ngurumo chini. Tukahamia kila mtu kwake na hedifoni, tunakutana Jumamosi kubishana. Faida yake mtu anasikiliza huku anachuma chai au anapika. Hasara yake watakuja watatu wamemaliza, wawili wako katikati, na mmoja anasema simu yake ilizima.

---

Mwalimu wa Kihesa

Mzee wa Loleza shikamoo. Jina tutalibadilisha siku ukija kutusomea wewe kwa miwani yako, na chai utakuta.

Binti Tukuyu, sisi tulianza kama ninyi tukaona wanaomaliza mapema wanakuwa kero. Mtu hatoboi siri kwa kusema, anatoboa kwa uso. Ukimtaja mhusika fulani yeye anatazama dari. Sasa riwaya tunasikiliza pamoja tu, na hakuna ruhusa ya kwenda mbele. Mwenye kiu ya kusikia zaidi arudie sura za nyuma.

Na kuna kanuni moja ilileta ugomvi mpaka tukaizoea: faili likiisha, kabla ya kubonyeza linalofuata, kila mmoja anataja mtu mmoja anayemshuku na sababu moja. Moja tu. Mama fundi cherehani huwa anamshuku mwenye nyumba, kila kitabu, na sababu yake ni kwamba wenye nyumba anawajua.

---

Scania wa Tunduma

Mimi ndiye dereva anayesemwa hapo juu, maana mwalimu kanitaja bila hata salamu.

Wakuu, niwaambie jambo. Hakuna anayemjua Holmes kama mtu wa barabara. Foleni ya Tunduma imenimalizia The Hound of the Baskervilles yote, sura 15, na bado sijavuka. Kutoka Uyole mpaka Makambako ni sehemu nzuri ya kusikiliza, barabara imetulia. Mizani unasimamisha. Mafinga unaendelea. Ila Kitonga usijaribu. Kitonga husikilizi hadithi, unasikiliza breki.

Shida yangu ni moja: nikifika Iringa kikundi kiko nyuma yangu au mbele yangu, na kanuni ya mwalimu inanifunga mdomo. Nikiwa nimemaliza wananikalisha pembeni karibu na jiko kama mtoto mtundu.

---

Dogo wa Iyunga

Nachangia upande wa ufundi, naona wengi wanaogopa bando bure.

Mafaili ya LibriVox yapo ya kilobiti 64 kwa sekunde na ya 128. Chukua ya 64. Saa moja ya sauti inakula kama MB 29 hivi, kwa hiyo A Study in Scarlet, ambayo ni kama saa tano, inakuja karibu MB 150. Wapo wanaomaliza zaidi ya hapo kwa video za vichekesho kabla ya kunywa chai. Shusha usiku kwa bando la usiku, mtu mmoja ashushe, wengine warushiwe simu kwa simu au kwa fleshi. Hakuna mtu anayeibiwa hapo, kazi hizo zimeachiwa watu wote.

Cha pili, na hiki ndicho kikubwa: kitabu kimoja pale kina matoleo kadhaa. Yapo yaliyosomwa na mtu mmoja mwanzo mwisho, yapo yaliyosomwa na watu tofauti, kila sura na mtu wake. Kwa kitabu cha historia sawa. Kwa riwaya ya upelelezi chukua la msomaji mmoja, tafadhali.

Cha tatu, sabufa. Punguzeni besi. Watu wanafungulia kitabu kwa mipangilio ile ile ya muziki wa harusi, halafu wanalalamika hawaelewi Kiingereza. Besi ikizidi inafunika herufi, unasikia mtu anaguna tu.

---

Mwalimu wa Kihesa

Dogo hapo kwenye matoleo umegusa kidonda. Toleo la kwanza tulilochukua lilikuwa la wasomaji wengi. Sura ya kwanza Holmes ni mzee wa Kimarekani anayeongea puani. Sura iliyofuata Holmes ni mama, tena mwenye sauti nzuri. Mama fundi akauliza, "Huyu dada naye kaingilia wapi?" na akamwingiza kwenye orodha ya washukiwa. Siku ile mpelelezi mwenyewe alipata kura ya kuwa muuaji.

Na wale mtakaoanza na kitabu hicho cha kwanza, jiandaeni. Katikati, mtu ameshafungwa pingu, mnasubiri maelezo, ghafla mnajikuta jangwani Marekani, Utah, na watu wengine kabisa, wala Holmes hatajwi. Kwenye karatasi unaona kichwa kikubwa, "Sehemu ya Pili", unaelewa. Kwa sauti msomaji anakisema mara moja akapita. Sisi tulidhani simu imerukia kitabu kingine. Tukazima, tukawasha, tukafuta faili, tukashusha upya. Utah iko pale pale. Ni sura tano nzima kabla hawajarudi London.

---

Mama Parachichi

Njombe hapa. Nimeanza kusoma uzi huu nikiwa shambani nikaupeleka hadi jikoni.

Sisi tuko wanawake watupu, kikundi cha kuweka na kukopa kilichojiongezea vitabu. Kiingereza cha 1887 kinatutoa jasho, sisemi uongo. Tulichofanya: kasi tunaishusha, msomaji anakwenda pole pole kidogo, siyo mpaka asikike amelewa. Kabla ya kuendelea, mmoja anasimulia kwa Kiswahili yaliyopita. Yaliyopita tu. Na tuna kauntabuku la majina, kwa sababu sikio halikupi tahajia. Lestrade sisi tulimwandika "Lestredi", Gregson "Gregi", kila mmoja na alama yake: huyu polisi mwembamba, huyu polisi mwenye majivuno, huyu marehemu. Bila kauntabuku, ukifika sura ya nne umezika mtu asiyekufa.

Lakini The Hound haikuhitaji kauntabuku wala nini. Ile sura ambapo wamejificha nje ya nyumba usiku, na ukungu unatambaa kuelekea njiani, na Holmes anapiga hesabu kama utafunika njia kabla yule bwana hajatoka mle ndani. Wenzangu waliacha kunywa chai. Mtu wa Njombe anaujua ukungu unaokuja ukiwa unautazama, unaona mti wa kwanza umekwenda, wa pili umekwenda. Aliyekulia Dar sijui anaisikiaje sura ile.

---

Mzee wa Loleza

Hilo la ukungu limenigusa, mama. Nakubali nusu.

Ila naomba mnijibu swali la msingi. Upelelezi ni kazi ya macho. Nyayo, majivu ya sigara, maandishi ukutani. Kwenye kitabu kile cha kwanza kuna neno limeandikwa ukutani kwa damu, R-A-C-H-E. Nikilisoma mimi naliona, na nabishana na polisi: anasema mwandishi alitaka kuandika "Rachel" akakatizwa. Holmes anasema sivyo. Ninyi mnaosikiliza mnalionaje? Msomaji akilitamka kwa namna moja kashawapa jibu.

---

Mwalimu wa Kihesa

Mzee, hapo ndipo penye utamu wa mjadala wote, na nimekuwa nasubiri mtu apafike.

Vidokezo haviko vya aina moja. Vipo vya macho na vipo vya masikio. Hilo la RACHE ni la macho, na ni kweli tulilipata nusu nusu; msomaji alilitamka, mmoja wetu akadhani ni jina la mtaa. Tulipotaja herufi moja moja na kuziandika kwenye ubao mdogo ndipo ubishi ulipowaka. Tangu hapo ubao uko, na mwenye zamu ya simu anasimamisha kila kinapotajwa kitu kilichoandikwa.

Kuna hadithi fupi moja, The Adventure of the Dancing Men, ya 1903, hiyo sauti imeshindwa kabisa. Ujumbe wa siri umechorwa kwa vijitu vinavyocheza, mmoja kainua mkono, mwingine kasimama kichwa chini. Msomaji wa sauti afanye nini hapo? Anasema tu kuna mchoro. Kijana wetu alitafuta michoro, akaichapisha steshenari, kila mtu karatasi yake. Kikao hicho kilikuwa kimya kuliko mtihani wa taifa.

Lakini sasa geuza. The Adventure of the Speckled Band. Mwanamke kalala peke yake chumbani, usiku wa manane anasikia mluzi mdogo, halafu mlio wa chuma. Hicho ni kidokezo cha sikio. Ukikisoma kwenye karatasi unapita. Siku tuliyokisikia umeme ulikuwa umekatika, sabufa imekufa, tumeweka simu ndani ya sufuria katikati ya meza ili sauti ijae. Mshumaa mmoja. Msomaji alipofika kwenye mluzi, sufuria ikaupokea ule mlio ikaurudisha. Watu walivuta viti. Na maneno ya mwisho ya marehemu, yale ambayo kila mtu ndani ya hadithi anayaelewa vibaya, hata sisi tuliyaelewa vibaya, maana tuliyasikia kama wao walivyoyasikia. Mwenye karatasi anayaona yameandikwa, ana nafasi ya kuyachunguza.

Na vipo vya aina ya tatu, vya kimya. Silver Blaze. Farasi wa mashindano kapotea usiku, kuna mbwa zizini. Holmes anauliza habari za mbwa.

---

Scania wa Tunduma

Na mbwa mwenyewe...

---

Mwalimu wa Kihesa

Nyamaza. Rudi karibu na jiko.

---

Binti Tukuyu

Hahahaa. Hadithi ya 1892 na bado dereva anawekwa pembeni.

Mwalimu, hoja ya vidokezo vya masikio nimeielewa, ila kuna kitu kinaniudhi kwenye vitabu vya sauti: msomaji mwenyewe anakuwa mtoboaji. Anampa mtu sauti. Kwenye The Sign of the Four anaingia mzee baharia anakohoa pumu imembana, na msomaji niliyempata mimi aliigiza kikohozi vizuri mno hadi nikajua kuna kitu hapa. Mtu wa kupita tu hapewi kikohozi kizuri hivyo.

---

Mwenye Kiko

Nimekaa kimya nasoma, sasa naingia.

Binti Tukuyu kasema kweli, na kwa Kiswahili hilo lingekuwa kubwa zaidi. Mwandishi wetu anaweza kuandika "aliingia, akazima taa, akafungua kabati, akatoka" na wewe hujui kama ni mwanamume au mwanamke. Kurasa mia nzima anakuficha. Msomaji wa sauti akisema neno moja la huyo mtu kwa sauti nzito, kitabu kimekwisha.

Lakini hoja yangu ni nyingine. Mko Iringa, Njombe, Tukuyu, mnamhangaikia Mwingereza kwenye ukungu, na Bwana Msa je? Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka 1960, na baada yake Muhammed Said Abdulla akaandika mfululizo mzima, mpelelezi na kiko chake mdomoni, Najum pembeni akishangaa kama Watson anavyoshangaa. Kiswahili cha Unguja kile kinaomba kusomwa kwa sauti. Mnajua bibi zetu wangekaa mpaka usiku. Rekodini wenyewe! Mna walimu, mna simu, mna sauti. Wekeni YouTube, taifa zima tusikilize.

---

Mama Parachichi

Naunga mkono hoja kwa mikono miwili na parachichi.

---

Wakili wa Mwanjelwa

Wakuu, kabla hamjabonyeza kitufe cha kurekodi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mwandishi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Muhammed Said Abdulla alifariki 1991. Pigeni hesabu wenyewe, mnafika 2041. Conan Doyle, mwandishi wa Holmes, alifariki 1930, ndiyo maana huyo mnamgawana kwa fleshi bila mtu kuwauliza. Watu wanachanganya: kitabu kuwa cha zamani, kutopatikana dukani, hata kuwa kimesomwa shuleni na taifa zima, hakukifanyi kuwa cha bure.

Kusomeana sebuleni, mmoja anashika kitabu wengine wanasikiliza, hakuna atakayewatafuta. Kurekodi na kusambaza ni kitu kingine kabisa, hata kama hamuuzi. Hapo mnahitaji ruhusa ya mwenye haki, yaani warithi au mchapishaji, kutegemea mkataba wao ulivyo. Anzieni COSOTA, wale wanaosimamia hakimiliki nchini, waulizeni haki ziko kwa nani. Barua haiumi.

---

Mwenye Kiko

Wakili umeniharibia Jumapili. Ila sawa. Basi wasomeane.

---

Mzee wa Loleza

Hapo sasa! Wasomeane. Ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo. Mtu mzima, kitabu mkononi, anasoma, akichoka anampa mwenzake. Mimi Mzimu wa Watu wa Kale ninayo, jalada limechoka lakini kurasa zote zimo, hata ya mwisho. Ninawajua watu waliokisoma kitabu hicho kwa nakala iliyotolewa kopi steshenari bila karatasi ya mwisho, na hadi leo wanauliza.

---

Dada wa Soweto Mbeya

Mmeongea Uingereza, mmeongea Unguja, hakuna aliyepita Botswana?

Mleta mada aliuliza mfululizo wa baadaye. Mimi nashauri The No. 1 Ladies' Detective Agency ya Alexander McCall Smith, kitabu cha kwanza kilitoka 1998 na sasa mfululizo umepita vitabu 20. Mama mmoja, Precious Ramotswe, anafungua ofisi ya upelelezi Gaborone. Maiti ni wa kutafuta kwa tochi. Kesi zake ni mume aliyepotea, binti anayemtoroka baba, tapeli wa bima. Mnaweza kuzijadili bila kuota ndoto mbaya. Na toleo la sauti linalosomwa na Lisette Lecat, mzaliwa wa Afrika Kusini, lina raha yake: majina ya Kitswana anayatamka kama majina. Ile "Mma" na "Rra" ya heshima inayorudiwa kila mstari, kwenye karatasi inachosha macho, kwa sikio inakuwa kama shikamoo zetu, huisikii tena ila ikikosekana unashtuka.

Ubaya wake lazima ununue, haki bado ziko hai. Mimi nilinunua kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu.

---

Dogo wa Iyunga

Dada swali: lazima kuanza na cha kwanza?

---

Dada wa Soweto Mbeya

Kesi unaweza kuzisikiliza popote, kila kitabu kina zake. Lakini watu wale wanakua. Kuna fundi magari pale, mpole kupita kiasi, na maisha yake yanakwenda kitabu hadi kitabu. Ukianza na cha tano ni sawa na kufika kwenye send-off hujui bibi harusi ni nani. Utakula, ila utakuwa unauliza uliza.

Holmes sivyo. Hadithi fupi zake unachota yoyote, saa moja imekwisha. Kwa kikundi chenye watu wa zamu, wa safari, wa kuchelewa, mngeacha kwanza riwaya mkashika hadithi fupi. Kikao kimoja, kesi moja, muuaji kapatikana, watu wamerudi nyumbani.

---

Mwalimu wa Kihesa

Dada wa Soweto, la hadithi fupi umesema kitu ambacho dereva wetu amekuwa akikililia, na nadhani atakushukuru. Mimi sikubaliani moja kwa moja. Hadithi fupi haikupi wiki ya kushuku. Raha ya riwaya ni pale mtu anapokupigia simu Jumatano, yuko sokoni, anakwambia, "Nimefikiria, yule mhudumu wa nyumba analia nini usiku?" The Hound yenyewe ilitolewa kwanza kwa vipande vya kila mwezi kwenye jarida la The Strand, kuanzia Agosti 1901 hadi Aprili 1902. Watu walikaa na hofu mwezi mzima. Sisi wiki moja tunashindwaje?

Basi tumekubaliana hivi, nimewasiliana na wenzangu wakati uzi unaendelea. Dereva akiwepo, hadithi fupi, ili naye apige kura kama binadamu wengine. Asipokuwepo, riwaya. Botswana tutachanga tununue kitabu cha kwanza, na kitasikilizwa kwenye kikao tu. Kuhusu Bwana Msa, Wakili, nitaandika COSOTA. Wakati tunasubiri majibu tutasomeana.

Mzee wa Loleza, nakuja Mbeya mwisho wa mwezi kusimamia mitihani. Naomba nikuazime Mzimu wa Watu wa Kale.

---

Mzee wa Loleza

Haiazimwi. Nitakuja nayo mwenyewe. Nipe siku na saa.

---

Mwalimu wa Kihesa

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa tisa alasiri, Kihesa. Shuka stendi, chukua bajaji, mwambie akulete shuleni, nitakuwa getini. Njoo na koti, jioni baridi inashuka.

---

Scania wa Tunduma

Mzee nitakuwa napita Uyole siku hiyo asubuhi, naweza kukuchukua. Kuanzia Igawa tutakuwa tunasikiliza Silver Blaze, na kwangu hakuna anayewekwa karibu na jiko.

---

Mzee wa Loleza

Nimeisoma. Mara nne. Wewe endesha, nitakusimulia mimi.